Kesi ya Marehemu Mama Mkwe

Ilikuwepo nchi, nayo haikuwa mbali. Wala si zamani sana, maana umeme ulikuwepo, ingawa siku nyingi ulikuwa umekatika. Nchi hiyo iliitwa Ngoani. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu nchi jirani zilikataa kuchorwa kando yake. Zilisema Ngoani inaitolea macho mipaka ya watu.

Watu wa Ngoani walikuwa wema. Nalitanguliza hilo asije mtu akasema bibi huyu anasengenya nchi za wenzake. Walikuwa wema, ila waliumbwa na kiungo kimoja cha ziada, nacho ni kijicho. Mtu akinunua mbuzi, jirani yake anaumwa tumbo. Mtu akifiwa, jirani analalamika kwamba msiba wa yule umejaa watu kuliko wa kwake mwaka juzi. Hata kwenye nembo ya taifa, chini ya simba wawili wanaotazamana kwa jicho la pembeni, yaliandikwa maneno matatu: KWANI YEYE NANI?

Serikali, kwa kuwajali wananchi, ikaona kijicho kisiachwe kiholela. Ikaunda Wizara ya Sifa. Sifa zote nchini, za kupika, za kuimba, za kuzaa mapacha, zikawa mali ya umma. Zinakusanywa wizarani, halafu zinagawiwa kwa wanaostahili. Wanaostahili, kwa bahati nzuri, walikuwa wakifanya kazi humo humo wizarani, kwa hiyo hapakuwa na gharama ya usafiri.

Waziri wa Sifa alikuwa Mheshimiwa Ngwengwe. Chini yake lilikuwepo Jumba la Taifa la Vicheko na Vilio, ambalo peke yake ndilo lililoruhusiwa kutengeneza michezo ya runinga. Mtu akichekesha nje ya Jumba, anakamatwa. Mkurugenzi wa Jumba aliitwa Dokta Makwinya. Udaktari wake ulitoka kwenye chuo kikuu alichokikatia utepe yeye mwenyewe siku ya kufunguliwa. Walimvisha joho mkasi ukiwa bado mkononi.

Na humo Jumbani alifanya kazi Bi. Zamoyoni Ligunda, ambaye ndiye mwenye hadithi hii.

*

Zamoyoni aliigiza Mama Mkwe katika mchezo ulioitwa *Uani kwa Mama Mkwe*. Hakuwa mzuri wa sura, hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kupishana naye sokoni usimkumbuke. Lakini alijaliwa msonyo.

Jamani, sote tunasonya. Mimi nasonya, nawe unasonya ukimaliza kusoma bili ya maji. Lakini wa Zamoyoni ulikuwa msonyo wenye mwanzo, katikati na mwisho. Ulianza kama vitunguu vikiingia kwenye mafuta, ukapanda, ukazunguka nyumba, ukamkuta mke wa mwanawe jikoni, halafu ukakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ana heshima zake. Mchezo ukianza, Ngoani yote ilinyamaza. Wezi hawakuiba saa hiyo, maana nao walikuwa wakitazama, tena kwenye runinga walizoiba.

Basi ikafika Siku ya Taifa. Waziri Ngwengwe akapanda jukwaani na hotuba yake.

"Ndugu wananchi," akasema, "sifa ni kama maji. Yasipowekwa kwenye tangi, yatanywewa na yeyote mwenye kiu! Je, tukubali watu wenye kiu wanywe?"

Watu wakasema hapana, maana jua lilikuwa kali na walitaka amalize. Mara mmoja akamwona Zamoyoni amekaa nyuma ya Waziri pamoja na wasanii wengine. Akapaza sauti: "Mama Mkwe, tusonyee!"

Uwanja wote ukadakia. Zamoyoni akatikisa kichwa. Wakazidi. Akajifunika uso kwa kanga. Wakazidi tena, mpaka Waziri akageuka akamwambia kwa ukarimu, "Wape kidogo, mama, nimalizie." Kisha akarudi kwenye kipaza sauti, akasema kwa nguvu, "Serikali yenu inawapenda!"

Na hapo hapo ndipo ulipotoka msonyo.

Mimi sisemi alifanya makusudi. Alipewa ruhusa akaitumia, na ruhusa ikikaa sana huchacha. Lakini watu wale walipiga makofi mpaka kunguru wakahama mitaa. Waziri alisimama akingoja yaishe. Alipoona hayaishi, akakunja hotuba, akashuka. Nasikia njia nzima garini alikuwa akijaribu kusonya, na dereva akidhani tairi linavuja.

*

Jioni ile simu ikalia kwa Dokta Makwinya.

"Makwinya, yule mwanamke amebeba makofi ya nani?"

"Ya umma, Mheshimiwa."

"Na mtu akibeba mali ya umma anaitwaje?"

"Mheshimiwa, inategemea cheo chake."

"Ana cheo gani?"

"Hana."

"Basi ni mwizi," Waziri akasema, akakata simu.

Makwinya akamgeukia mkewe, Bi. Asumta. Huyu Asumta alikuwa na kila kitu. Alikuwa na nyumba ya ghorofa, alikuwa na mtu wa kumfungulia mlango na mwingine wa kuufunga. Ila alipokwenda sokoni, wauza mchicha walimwuliza, "Mama, wewe ndiye mke wa yule bosi wake Zamoyoni?" Maneno hayo yalimkaa kooni. Alikuwa akijifungia bafuni akijizoeza kusonya mpaka ulimi unavimba.

"Baba Furaha," akasema, "mimi nina nini kilichopungua?"

"Huna kilichopungua, mke wangu."

"Basi kwa nini kile alicho nacho yeye mimi sina?"

Dokta Makwinya, pamoja na udaktari wake, hakuwa na jibu. Mwanamume asiyekuwa na jibu hutoa amri.

*

Zamoyoni alifika kazini asubuhi kama kawaida, akaketi mbele ya kioo. Mpambaji wake, Bi. Chausiku, aliyekuwa shoga yake wa miaka mingi, akachukua poda. Badala ya ile ya kahawia akachukua ya kijivu.

"Chausiku, umekosea kopo."

"Sijakosea, mwenzangu. Leo unakufa."

"Nakufa na nini?"

"Mwiba wa sato."

"Mimi silagi samaki! Miaka yote Mama Mkwe anasema samaki wanamwasha."

"Ndiyo maana umekufa," akasema Chausiku, na machozi yakamtoka yakaanguka kwenye poda. "Wamesema ukishakata roho, rudisha kanga."

Zamoyoni alicheka kidogo, akidhani ni mambo ya mchezo tu, kwamba kesho wataandika alikuwa amezirai. Akafa vizuri, kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kazi aliyopewa. Alipofumbua macho, alimwona Bi. Asumta amesimama juu yake, amevaa kanga ile ile, kilemba kile kile. Anaigiza mdogo wake Mama Mkwe, aliyekuja kurithi nyumba. Hapo Asumta akainua kidevu, akasonya. Ulikuwa msonyo kama mlango wa choo usiotiwa mafuta.

"Safi sana!" akasema Dokta Makwinya, akapiga makofi. Wafanyakazi wote wakapiga makofi, maana walikuwa na watoto wanaosoma.

Zamoyoni akamfuata. "Mkurugenzi, na mimi kesho nije saa ngapi?"

"Uje wapi? Marehemu hana zamu."

*

Akaenda nyumbani. Siku ya kwanza akafua nguo zote. Ya pili akazifua tena. Mchezo ulipoanza jioni akasema hatatazama, kisha akatazama. Akamwona Asumta amekaa kwenye kigoda chake, anachambua mchele kwenye ungo wake, anamwita mkwe wake "we mtoto" kwa sauti aliyoitafuta yeye kwa miaka. Ugali aliopikiwa na Chausiku, aliyekuja kumliwaza, ukampoa mbele yake.

"Chausiku," akasema, "hivi nilikuwa nadhani mimi katika nchi hii sina kijicho. Kumbe nilikuwa sijanyang'anywa kitu."

"Kula, shoga."

"Wenzangu wamejaliwa sura. Wamejaliwa waume. Mimi nilijaliwa yule mama tu. Nikiwa hapa nyumbani hata kusonya sijui, najua kusema 'hewala' tu. Nikimvaa yule, nasimama. Sasa mtu amemvaa kama kanga ya kuazima, tena amemvaa upande wa ndani nje."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawashitaki."

Chausiku akaangusha kijiko. Tangu Ngoani ipate uhuru, hakuna aliyewahi kulishitaki Jumba la Taifa. Kulikuwa na mmoja aliyetaka kujaribu, lakini jirani zake walimwonea wivu wakamzuia.

*

Mahakama Kuu ya Ngoani ilisifika kwa kutopendelea. Jaji alizionea wivu pande zote mbili kwa usawa. Jaji wa siku hiyo, Mheshimiwa Mtutuma, alimwonea Makwinya kijicho kwa sababu ya gari lake, lililoegeshwa kwenye kivuli ambacho jaji alikuwa akikitaka. Zamoyoni naye, jaji alimwonea kijicho kwa sababu watu wote ukumbini walikuwa wakimwangalia yeye badala ya joho jipya la jaji.

Akasimama Wakili Msomi Kapalata, mtetezi wa Jumba, mtu mwenye sauti ya kujisikiliza.

"Mheshimiwa Jaji, kesi hii haina miguu, haina mikono, na kwa kweli haina hata mlalamikaji. Mlalamikaji amekufa! Taifa zima lilimwona akikabwa na mwiba. Maiti haiajiriwi, na asiyeajiriwa haachishwi kazi. Ninaomba marehemu aondolewe ukumbini kwa heshima."

Jaji akaandika. "Marehemu ana neno?"

"Marehemu anaomba maji ya kunywa, Mheshimiwa," akasema Zamoyoni.

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza, kwa maana yeye aliposema mzaha wake asubuhi hakuna aliyecheka.

"Taja kosa lake basi," akamwambia wakili. "Hata kuchelewa. Hata kutafuna ubuyu kazini."

Wakapekua majalada. Hapakuwa na kosa. Ikabidi aitwe Bi. Asumta kama shahidi.

"Shahidi, ieleze mahakama kosa la Bi. Zamoyoni."

"Anapendwa."

"Hilo ni kosa kwa sheria gani?"

"Mheshimiwa," akasema Asumta, "wewe hebu fikiria. Umesoma, umevaa, umepakwa hina, umeingia kwenye harusi. Watu wanasimama! Unatabasamu. Kumbe wanasimama kwa sababu nyuma yako ameingia yeye, na ndala zake. Wewe ungefanyaje?"

Jaji Mtutuma alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Ilionekana amekwenda harusi kama hiyo.

Hata hivyo lile gari lilikuwa bado kwenye kivuli. Jaji akalitazama kupitia dirishani, akasema, "Mahakama haijaona sababu ya kumwachisha kazi mama huyu. Mahakama inaelekea..."

"Mheshimiwa!" Wakili Kapalata akaruka. Alikuwa amenong'onezana na Makwinya, na jasho lilimtiririka. "Kabla mahakama haijaelekea! Kuna jambo moja tulilisahau. Mteja wangu, Dokta Makwinya, ni Mjuu. Mlalamikaji ni Mchini."

Ukumbi ukaguna.

Hapa lazima nieleze. Wajuu ni watu wa mlimani na Wachini ni watu wa bondeni. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona kuzikana kila siku ni kazi bure. Wakapatana kwamba badala ya kuuana, wataniane. Tangu hapo wao ni watani. Mjuu akimtukana Mchini hakuna kesi, na Mchini akimharibia Mjuu shughuli yake hakuna kununa. Mtani hashitakiwi. Sheria hii Ngoani ipo juu ya katiba, kwa sababu katiba imeandikwa na watu lakini utani uliachwa na wafu.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa," akamaliza wakili, "ule haukuwa kuachishwa kazi. Ulikuwa utani tu."

"Utani!" akadakia Makwinya, akajilazimisha kucheka. "Si unajua sisi watani, mama?"

Zamoyoni alimtazama. Alikuwa ameacha kazi zote za nyumbani, ameshinda juani kwenye ngazi za mahakama, na sasa anaambiwa acheke.

Jaji akafurahi sana, kwani alikuwa amepata njia ya kuwakosesha wote. Akasoma hukumu: "Mahakama imeridhika kwamba mlalamikaji aliachishwa kazi kwa utani. Kwa kuwa utani ni jambo zito, ataendelea kuwa ameachishwa, kwa utani, daima. Kesi imetupwa."

Zamoyoni akasimama polepole. "Mheshimiwa, naomba iandikwe kabisa kwamba mimi na Jumba la Taifa ni watani."

"Imeandikwa."

"Pamoja na haki zake zote?"

"Pamoja na haki zake zote," akasema jaji, akatoka mbio kwenda kugombea kivuli.

*

Sasa huku nje wananchi hawakutulia. Walisema Asumta hawezi. Walisema Mama Mkwe hajafa, amefichwa. Wengine walipika pilau ya kumkaribisha. Waziri Ngwengwe akaona dawa ni moja. Mama Mkwe azikwe mbele ya macho ya watu wote, moja kwa moja kwenye runinga, na yeye Waziri mwenyewe atoe wasifu wa marehemu. Mazishini, alisema, watu hawana budi kumsikiliza anayezungumza.

Chausiku akaja na habari.

"Shoga, Jumamosi wanakuzika."

"Wamenialika?"

"Lini ulisikia maiti ikaalikwa?"

Zamoyoni akaacha kuchambua mboga. Kwa mara ya kwanza tangu afe, akatabasamu. "Maiti haialikwi, kweli. Je, mtani?"

"Mtani," akasema Chausiku taratibu, "hangoji kualikwa."

*

Jumamosi ikafika. Kwenye uwanja wa Jumba lilichimbwa kaburi la kweli, maana mafundi hawakuwahi kuagizwa kuchimba la uongo. Jeneza lilikuwa na mgomba ndani badala ya maiti. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Waziri alikuwa na mwavuli wake mkubwa wa kijani, Makwinya na miwani nyeusi, Asumta na kitambaa cha machozi kilichonukia marashi hadi nje ya geti.

Waziri akaanza. "Marehemu, wakati wa uhai wake, aliipenda sana Wizara ya Sifa..."

Hapo ikasikika ngoma ya debe. Akaja Zamoyoni amevaa suruali kichwani, koti nyuma mbele, na ungo uliotoboka mgongoni, kama wanavyovaa watani msibani. Nyuma yake Chausiku anapiga debe. Zamoyoni akampita Waziri, akampita Makwinya, akaruka, *pu!*, ndani ya kaburi.

"Sitoki!" akapaza sauti kutoka chini. "Mtani sitoki mpaka nipewe changu!"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Makwinya akawaita askari.

"Mtoeni!"

"Bosi," askari mmoja akasema akirudi nyuma, "mimi ni Mjuu kama wewe. Mtani akiingia kaburini haguswi. Ukimgusa, ukoo mzima unaota vipele. Na mahakama imeandika."

"Nani aliiambia mahakama iandike?"

"Ni wewe, bosi."

Kule chini Zamoyoni alikwishaanza kazi. Alimwigiza Makwinya akilia mbele ya kioo huku akichana nywele. Alimwigiza Waziri akitafuta kurasa. Akalala chali akakoroma kama marehemu aliyechoshwa na wasifu wake. Wapiga picha wakasogea, wa kwanza, wa pili, mpaka kamera zote zikainama kwenye lile shimo. Waziri akawa anaisomea migongo ya watu.

Asumta alilia kwa sauti, hakuna aliyegeuka. Akaanguka na kuzirai, hakuna aliyegeuka. Akafumbua jicho moja.

"Mbona kamera zote kule?" akauliza. Kisha akainua gauni, akashuka kaburini. "Sogea!"

"Karibu, dada," akasema Zamoyoni. "Jisikie uko kwako."

Kamera zikamfuata Asumta. Dokta Makwinya akamwona mkewe anang'aa kwenye taa, yeye yuko gizani. Akasema anakwenda kumtoa, ila kwanza alitia kitana nyweleni. Akashuka. Waziri akabaki peke yake juu na hotuba yake, na runinga ya taifa lote inaonyesha watu wengine. Alivumilia kadiri ya uwezo wake, nao haukuwa mwingi. Akaingia na mwavuli wake, umefunguliwa.

"Nipisheni katikati! Mimi ndiye mgeni rasmi!"

"Mheshimiwa, unanikanyaga!"

"Na wewe umenificha, Baba Furaha!"

"Huyu mtani atoke basi, ametubana! Mama, unataka nini?"

"Mama Mkwe awe hai," akasema Zamoyoni. "Tena awe mimi."

"Awe hai! Awe yeyote!" wakapiga kelele wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akimsukuma mwenzake. "Toka tu, tupate nafasi!"

Taifa zima lilisikia. Chausiku akanyoosha mkono, Zamoyoni akapanda juu, akavua suruali kichwani, akajifunga kanga. Mwongozaji wa mchezo alikuwa amesimama na mkono hewani, hajui pa kuushusha, maana wenye kumpa amri wote walikuwa shimoni wakigombania mwanga.

"Mama Mkwe," akanong'ona, "tukate au tuendelee?"

Zamoyoni akalitazama kaburi. Akawatazama waombolezaji, ambao walitoka mbali na walikuwa hawajazika kitu. Akainama, akachota udongo konzi moja, kama tufanyavyo sote kwa heshima.

"Endelea, mwanangu," akasema, akautupa.

Mtu wa karibu yake akamwona. Akataka na yeye. Wa nyuma yake akauliza kwa nini yule ametangulia. Mara foleni ikafika barabarani, watu wanasukumana, wazee wanadai haki ya uzee, wajawazito wanapitishwa mbele. Udongo ukawa unaanguka juu ya mwavuli kwa mfululizo, *pa-pa-pa-pa*, haukomi.

Kutoka chini ikasikika sauti ya Mheshimiwa Ngwengwe, nyembamba, yenye matumaini.

"Makwinya! Hayo ni makofi?"

"Ni makofi, Mheshimiwa," Zamoyoni akamjibu kutoka juu, akampisha anayefuata. "Na leo yote ni yako."